Tarakimu ngapi niandike? Kuhusu 0.11, 0.107 na 0.1069

Swali: Mwalimu, tulifanya titresheni ya sodiamu kaboneti (Na₂CO₃) na asidi haidrokloriki (HCl). Chombo kitupu kilikuwa gramu 31.47, na chombo pamoja na kaboneti gramu 32.85. Tuliyeyusha kwenye maji tukajaza hadi 250 cm³, tukachukua 25 cm³ kwa pipeti, na wastani wa asidi iliyotoka kwenye bureti ukawa 24.35 cm³. Ukolezi wa asidi kwenye kikokotoo ulitoka 0.106941242. Mimi niliandika 0.11 kwa sababu nimezoea nafasi mbili za desimali. Mwenzangu aliandika 0.1069, akisema vipimo vyetu vyote vina tarakimu nne. Sote tulikatwa alama, jibu likawa 0.107. Tena kwenye jedwali langu "25 cm³" ilizungushiwa duara jekundu. Kosa liko wapi? Na 250 ina tarakimu muhimu mbili au tatu?

Jibu: Aliyesahihisha yuko sahihi, ni 0.107 mol/dm³. Sababu haiko kwenye bureti wala kwenye kikokotoo. Iko kwenye mizani, na hasa kwenye kutoa mlikofanya kabla hamjagusa fomula yoyote.

Tuanze na hoja ya mwenzako, maana ina mantiki kuliko yako. Kweli 31.47 ina tarakimu nne, na 32.85 ina nne. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye hesabu ya moli. Kinachoingia ni tofauti yake:

32.85 g − 31.47 g = 1.38 g

Hiyo ina tatu. Tarakimu moja imeondoka na chombo: gramu thelathini na moja na ushee zilikuwa za glasi, si za kaboneti, na ulipozitoa ulibaki na namba ndogo ambayo mashaka yake ni yaleyale ya mwanzo. Mizani ya nafasi mbili za desimali ikikuonyesha 31.47, uzito halisi unaweza kuwa popote kati ya 31.465 na 31.475. Vivyo hivyo kwa 32.85. Ukichukua hali mbaya zaidi pande zote mbili, kaboneti yako ni kati ya gramu 1.37 na 1.39. Mashaka ya gramu 0.01 ndani ya gramu 31 si kitu. Ndani ya gramu 1.38 ni asilimia 0.7.

Ndiyo maana kujumlisha na kutoa kuna kanuni yake, na kuzidisha na kugawanya kuna yake. Kwenye kujumlisha na kutoa unaangalia *nafasi za desimali*: jibu haliwi na nafasi nyingi kuliko namba iliyo na nafasi chache zaidi. Kwenye kuzidisha na kugawanya unaangalia *tarakimu muhimu*, yaani zile zinazobeba kipimo chenyewe, si sifuri za mbele: jibu linachukua idadi ya ile namba yenye tarakimu chache zaidi. Wanafunzi wengi wanaikumbuka ya pili tu, kisha wanaitumia kila mahali. Hesabu yenu ina zote mbili, na mpangilio ndio unaoamua: kutoa kwanza, kunakuacha na tarakimu tatu, halafu kugawanya na kuzidisha, ambako tatu hizo ndizo zinazotawala.

Sasa twende hatua kwa hatua. Tungamo la moli moja ya Na₂CO₃ ni gramu 105.99.

Moli za kaboneti zote: 1.38 ÷ 105.99 = 0.0130200…
Moli ndani ya 25.00 cm³ (sehemu ya kumi ya 250.0): 0.00130200…
Moli za HCl, mbili kwa kila moja ya kaboneti: 0.00260401…
Ukolezi: 0.00260401… ÷ 0.02435 dm³ = 0.106941…

Kati ya namba zilizopimwa, 25.00, 250.0 na 24.35 zina nne kila moja, na 1.38 ina tatu. Jibu ni 0.107.

Vipi kuhusu ile 2 ya uwiano? Hiyo haikupimwa na mtu. Inatoka kwenye mlinganyo wa kemikali, na maana yake ni mbili kamili, kana kwamba ina sifuri zisizo na mwisho baada ya nukta. Haipunguzi tarakimu za jibu. Vivyo hivyo 1000 ya kubadili cm³ kuwa dm³: ni namba ya makubaliano. Tungamo la moli nalo halina budi kuwa na angalau tarakimu moja zaidi ya kipimo chako dhaifu, ili lisije likawa lenyewe ndilo dhaifu. Kwa data hii hata 106 ingekufikisha kwenye 0.107, lakini usijenge mazoea hayo.

Kwa nini basi 0.1069 isikubalike? Namba yenye tarakimu nne inamwambia msomaji kwamba ya nne inategemewa kwa kiasi fulani, yaani unajua ukolezi kwa karibu sehemu moja katika elfu. Angalia ulichonacho. Mizani peke yake inakupa mashaka ya asilimia 0.7. Pipeti ya 25 cm³ ya daraja B (daraja la usahihi lililo chini ya A) inaruhusiwa kukosea kwa 0.06 cm³, ambayo ni asilimia 0.24. Flaski ya 250 cm³ ya daraja B, ile ya shingo nyembamba yenye alama moja, inaruhusiwa 0.30 cm³, asilimia 0.12. Bureti inasomwa mara mbili, mwanzo na mwisho, na ukikubali kukosea 0.05 kila mara unapata hadi 0.10 cm³ ndani ya 24.35, asilimia 0.4. Makosa yote yakielekea upande mmoja, jambo ambalo ni nadra, unafika asilimia 1.5, sawa na 0.0016 kwenye jibu lako. Tarakimu ya *tatu* tayari inatikisika. Ile 9 ya mwishoni haina kitu chini yake.

Na 0.11 ina ubaya gani? Umetupa kitu ulichokigharamia. Anayesoma 0.11 anaelewa ukolezi ni kati ya 0.105 na 0.115, mashaka ya karibu asilimia 4.5, wakati kazi yako ya maabara ilikuwa bora mara kadhaa kuliko hapo. Kwa maoni yangu kosa hili ni zito kuliko la mwenzako. Tarakimu iliyozidi msomaji makini anaweza kuikata mwenyewe. Iliyotupwa hawezi kuirudisha. "Nafasi mbili za desimali" ni kanuni ya kusoma bureti na ya mahesabu ya fedha, haina nafasi kwenye jibu la ukolezi. Kwa kanuni yako, asidi ya 0.00412 mol/dm³ ingeandikwa 0.00, yaani hakuna asidi kabisa.

Ile 25 yenye duara jekundu

Pipeti ya mstari mmoja haijui kupima "kama ishirini na tano hivi". Imetengenezwa itoe 25.00 cm³ ikiwa kwenye joto la 20 °C, na mashaka yake yako kwenye nafasi ya pili ya desimali. Ukiandika 25, umetangaza tarakimu mbili, na mtu akifuata kanuni kwa uaminifu angelazimika kufupisha jibu lote kuwa tarakimu mbili, 0.11. Yaani kwenye karatasi yako kulikuwa na sababu halali ya jibu lako bila wewe kujua! Kosa lilianzia kwenye jedwali.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza si ya hesabu, ni ya kuandika: andika kila tarakimu ambayo kifaa kinakupa, pamoja na sifuri. Bureti ya kawaida ina mistari ya kila 0.1 cm³, nawe unakisia kati ya mistari hadi 0.05. Kwa hiyo usomaji wote uwe na nafasi mbili za desimali na tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5: 24.30, si 24.3, 0.00, si 0. Kukisia kwa undani zaidi ya hapo, mathalani 24.37, hakuna maana kubwa, maana tone moja tu linalodondoka ni takriban 0.05 cm³. Silinda ya kupimia yenye mistari ya kila 1 cm³ inasomwa hadi 0.5. Mistari ya bika ni ya kukadiria tu na isiingie kwenye hesabu yoyote ya ukolezi.

Kuna kosa moja la bureti ambalo halionekani hata ukihesabu tarakimu vizuri. Sifuri ya bureti iko juu, na namba zinaongezeka kuelekea chini. Mtu aliyezoea silinda akiona uso wa kimiminika uko kati ya 24 na 25, huanza kuhesabu mistari kutoka chini kwenda juu na kuandika 24.65 mahali pa 24.35. Anza kwenye namba ndogo iliyo juu ya kimiminika, kisha shuka. Macho yawe usawa mmoja na uso wa kimiminika, na usome sehemu ya chini kabisa ya ule mbonyeo. Kwa pamanganeti ya potasiamu, ambayo rangi yake ni nzito kiasi cha kuficha mbonyeo, husomwa ukingo wa juu, mwanzo na mwisho vilevile.

Sifuri na ile 250

Sifuri za mbele zinashikilia nafasi tu: 0.00130 ina tarakimu muhimu tatu, yaani 1, 3 na 0 ya mwisho. Sifuri iliyo katikati ya tarakimu nyingine inahesabiwa siku zote, na sifuri ya mwisho baada ya nukta ya desimali inahesabiwa, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuiandika isipokuwa kipimo.

250 bila nukta ndiyo yenye utata. Kwa kuitazama tu huwezi kujua kama ni mbili au tatu. Ikiwa ilipimwa kwa flaski ya alama moja, andika 250.0 cm³. Ikiwa ilipimwa kwa kifaa kinachokupa tarakimu tatu, andika 2.50 × 10² cm³. Ukikutana nayo kwenye swali la mtihani, soma maelezo: "flaski ya ujazo ya 250 cm³" ina usahihi wa kutosha isiwe kizuizi, lakini "takriban 250 cm³ za maji" ni jambo jingine.

Vizio havibadilishi usahihi, isipokuwa pale unapojumlisha

24.35 cm³ ni 0.02435 dm³. Nne kabla, nne baada. Kubadili kizio kwa kuzidisha au kugawanya kwa namba kamili hakuongezi wala hakupunguzi tarakimu muhimu. Kinachoharibika hapa ni ukubwa wa namba. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusahau kugawanya kwa 1000, ukapata ukolezi wa 0.000107 badala ya 0.107. La pili ni kwenye vizio vya ujazo: mita moja ni sentimita 100, basi mtu anaandika mita moja ya ujazo ni sentimita 100 za ujazo. Ni 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000. Densiti ya ethanoli kwenye 20 °C ni 0.789 g/cm³, kwa kg/m³ ni 789. Ukipata 0.0789 au 78,900, kuna 100 uliyoisahau au kuizidisha mahali. Dawa ni kuandika kizio kwenye kila mstari wa hesabu na kuvikata vinavyofutana; vikibaki mol/dm³ mwishoni, angalau mpangilio ni sahihi.

Joto lina tabia yake. 25 °C ni 298 K: tarakimu mbili zimekuwa tatu. Si udanganyifu, kwa sababu hapo umejumlisha 273.15, na kwenye kujumlisha tunafuata nafasi za desimali. 25 haina nafasi ya desimali, basi 298 nayo haina. 25.0 °C ingekuwa 298.2 K.

Mililita na sentimita ya ujazo ni kitu kimoja leo. Kati ya 1901 na 1964 lita ilifafanuliwa kwa tungamo la maji, ikawa kubwa kuliko dm³ kwa takriban sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 ikarudishwa kuwa dm³ moja kamili. Tofauti hiyo isingeonekana kwenye bureti yoyote ya darasani.

Kukadiria: mara moja, mwishoni

Hapo juu nimeacha nukta tatu baada ya kila namba ya katikati makusudi. Usikate njiani. Ungekata moli kuwa 0.013 na asidi kuwa 24 cm³, ungepata 0.0026 ÷ 0.024 = 0.108, na hiyo 8 imetengenezwa na kalamu yako, si na maabara. Acha namba nzima kwenye kumbukumbu ya kikokotoo. Ukilazimika kuandika matokeo ya katikati, beba tarakimu moja au mbili za ziada.

Pia usikadirie juu ya iliyokwisha kukadiriwa. 2.446 kwa tarakimu mbili ni 2.4. Anayepitia 2.45 kwanza huishia 2.5. Rudi kwenye namba asili kila mara.

Wastani wa bureti una mtego mdogo. Tuseme usomaji ulikuwa 24.90 kwa jaribio la haraka, kisha 24.35, 24.30 na 24.40. Lile la haraka haliingii. Kazi yake ilikuwa kukuonyesha mahali rangi inapogeuka. Wastani wa yale matatu ni 24.35. Ungepata 24.366666, andika 24.37: wastani unaweza kuishia na tarakimu isiyo 0 wala 5, kwa kuwa haukusomwa kwenye glasi.

Kama swali lingeendelea kudai pH ya asidi hiyo, kuna kanuni ya tatu, ya logi: idadi ya tarakimu *baada ya nukta* kwenye pH ni sawa na idadi ya tarakimu muhimu za ukolezi. 0.107 inatoa pH 0.971. Tarakimu iliyo kabla ya nukta inaonyesha kipeo cha kumi tu, haihesabiwi.

Mipaka ya kanuni hizi

Ni kanuni za mkato. 9.9 ina tarakimu mbili na 10.1 ina tatu, ilhali zote mbili zina mashaka ya karibu asilimia 1; vivyo hivyo 99 na 101, zilizopimwa kwa kifaa kilekile, zina mashaka karibu sawa ingawa moja inaonekana "bora" kwa tarakimu nzima. Namba inayoanzia na 1 inabebeshwa sifa kuliko inavyostahili, na inayoanzia na 9 inaonewa. Ikitokea hivyo, hesabu ya asilimia kama niliyoifanya hapo juu ndiyo inayokata shauri.

Mkitaka tarakimu ya nne kihalali, msianzie kwenye bureti. Tafuteni mizani ya nafasi tatu za desimali: 1.380 g hushusha mashaka ya uzito kutoka asilimia 0.7 hadi 0.07. Hapo kanuni itaruhusu tarakimu nne, ingawa vyombo vya glasi vya daraja B bado vitaitikisa ile ya mwisho. Pipeti ya daraja A, yenye kibali cha 0.03 cm³, ndiyo hatua inayofuata.

Na kuna makosa ambayo hakuna idadi ya tarakimu inayoyaonyesha. Sodiamu kaboneti isiyo na maji hunyonya unyevu wa hewani; kwa kazi ya usahihi hupashwa joto la takriban 270 °C na kupozwa kwenye chombo kikavu kilichofungwa kabla ya kupimwa. Ikiwa na unyevu, gramu zako 1.38 zina kaboneti pungufu, na ukolezi wa asidi unatoka juu kuliko ulivyo. Kama kopo lilikuwa la fuwele zenye maji, Na₂CO₃·10H₂O, tungamo la moli ni 286.14, na 0.107 yako imekosea kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Bureti iliyosuuzwa kwa maji bila kumaliziwa na asidi yenyewe huipunguza asidi nguvu, inatoka nyingi, ukolezi unashuka. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti kikitoka katikati ya kazi, kinahesabiwa kama asidi ambayo haikuingia kwenye flaski. Na ile chembe ya kimiminika inayobaki kwenye ncha ya pipeti usiipulize: gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski kisha iache, kwa sababu alama ya pipeti iliwekwa ikizingatia kwamba itabaki humo.